Elimu ya Juu ya Mawasiliano na Mitandao Yamhusu Nini Mwalimu wa Shule ya Msingi?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa mara kwa mara na walimu wanafunzi, hasa wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, ni hili: je, pana faida gani kwa mwalimu wa Darasa la Tatu kujua wanayoyasoma watu wa shahada ya uzamili katika fani ya mawasiliano ya simu na mitandao ya kompyuta? Wapo wanaouliza kwa nia ya kujua, na wapo wanaouliza ili swali lenyewe liwe jibu. Sisi tunaamini kwamba faida ipo, tena kubwa, na kwamba asiyeiona hajapata bado nafasi ya kuyatazama kwa karibu mambo yanayosomwa huko juu. Akiyatazama, atatambua kuwa mengi ni jamaa wa karibu wa mambo anayoyafundisha yeye kila siku kwa chaki na ubao.

Kwanza yafaa tueleze fani yenyewe ni ipi. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya uhandisi au ya sayansi ya kompyuta huweza kuendelea na shahada ya uzamili, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi hadi miwili. Hapa kwetu masomo ya namna hiyo hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika ndaki yake ya Kijitonyama, na katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, bila ya kuvitaja vyuo vingine. Huko mwanafunzi hujifunza jinsi sauti, maandishi na picha zinavyogeuzwa kuwa ishara. Jinsi ishara hizo zinavyosafirishwa kwa waya, kwa redio na kwa nyuzi za kioo. Jinsi njia moja inavyotumiwa na watu wengi bila ya kugongana. Na jinsi kosa linavyogunduliwa na kusahihishwa safarini. Mwishoni huandika tasnifu. Ukizihesabu hatua zote kwa utaratibu ambao wengi wetu tuliupitia, yaani miaka 7 ya msingi, 6 ya sekondari, 4 ya uhandisi na 2 ya uzamili, utapata miaka 19. Saba kati ya hiyo, tena ya mwanzo, imo mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa tuseme linalotuudhi. Katika kuwakagua walimu wanafunzi tumesikia mara nyingi mno jibu moja likitolewa kwa watoto. Mtoto ananyanyua mkono na kuuliza, "Mwalimu, sauti ya shangazi inapitaje hewani kutoka Mwanza hadi hapa, wala haichanganyiki na ya mtu mwingine?" Mwalimu anatabasamu na kusema, "Hayo mtayasoma mbele." Jibu hili lina adabu, na halimgharimu mwalimu kitu. Lakini wengi wa watoto hao hawafiki huko mbele, na wale wachache wanaofika hufika wakiwa wameamini kuwa mambo ya simu na kompyuta ni siri iliyohifadhiwa kwa watu wa aina fulani. Mara nyingi anayeambiwa hivyo ni mtoto wa kike, kwa kuwa mwalimu hudhani ameuliza kwa kupita tu. Swali la mtoto huyo ni swali la shahada ya uzamili, nalo hujibika kwa kadiri ya kimo chake.

Kwamba mambo haya na kazi yetu ni ndugu, historia yathibitisha. George Boole, mwana wa fundi viatu wa Lincoln huko Uingereza, alianza kufundisha akiwa na umri wa miaka 16, na alipofika miaka 19 akafungua shule yake mwenyewe. Ndiye aliyeweka misingi ya aljebra ya kweli na si kweli, ambayo kitabu chake kikuu kuihusu kilitoka mwaka 1854. Zaidi ya miaka themanini baadaye, mwaka 1937, kijana wa Marekani aitwaye Claude Shannon, akiwa na miaka 21, aliandika tasnifu ya uzamili iliyoonyesha kwamba aljebra ya Boole yaweza kuendesha swichi za umeme. Kompyuta zote tulizo nazo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Lakini mtu ambaye tungependa kila mwalimu mwanafunzi amjue ni Agner Krarup Erlang wa Denmark. Alizaliwa mwaka 1878, na baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini. Akiwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani kumsaidia baba yake kufundisha kwa miaka miwili. Baada ya kuhitimu shahada yake ya hisabati mwaka 1901, alifundisha katika shule mbalimbali kwa miaka kadhaa. Ilikuwa mwaka 1908 tu alipoajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, nako akapewa swali ambalo mtoto yeyote wa shule aweza kulielewa: ikiwa watu wengi wanapiga simu, kila mtu kwa wakati wake, kampuni iweke njia ngapi ili wasikose nafasi mara nyingi?

Tulijaribu hesabu hii darasani, nasi twaiweka hapa kwa ukamilifu. Tuseme katika kijiji kimoja hupigwa simu 60 kwa saa, na kila mazungumzo huchukua wastani wa dakika 2. Mtoto wa Darasa la Nne atazidisha na kupata dakika 120 za mazungumzo. Atagawanya kwa dakika 60 za saa, na kupata 2. Basi atasema kuwa njia mbili zatosha. Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho ni potofu kabisa. Kwa kanuni aliyoitangaza Erlang mwaka 1917, penye njia mbili tu, simu 40 katika kila 100 zitakuta njia zote zimeshikwa. Kwa njia tatu zitakosa 21. Kwa njia nne hazitafika 10. Kwa njia tano hazitafika 4. Sababu yake ni kwamba watu hawapigi simu kwa kupokezana kama wanafunzi waliopangwa mstari. Mara hutokea saba kwa pamoja, mara anapita muda mrefu asitokee hata mmoja. Wastani hauonyeshi msongamano, na mwalimu aliyefundisha wastani bila ya kulisema hilo amefundisha nusu ya somo.

Pana jambo jingine ndani ya kanuni hiyo. Vijiji viwili vya namna ile, kila kimoja na njia zake tano, vitapoteza karibu simu 4 katika kila 100. Vikiziunganisha njia zao zikawa kumi za shirika, simu zitakazokosa nafasi zitapungua hadi kiasi cha 1 katika kila 200, wala haukuongezwa waya hata mmoja. Wazee waliofundishwa siasa ya ujamaa katika vyuo hivihivi watatabasamu wakiisoma habari hii, nasi hatutawazuia.

Mwalimu ataifundishaje? Kwa hakika si kwa kanuni yenyewe. Awaketishe watoto wawili karibu na bomba la maji la shule wakati wa mapumziko, na daftari na saa. Mmoja aandike kila mwenye ndoo alipofika, mwingine aandike alipoondoka. Waporudi darasani wachore grafu ya urefu wa foleni kwa kila dakika. Wataona kwa macho yao kwamba bomba huweza kukaa bure asubuhi na bado foleni ikawa ndefu saa nne. Foleni ya bomba si sawasawa na ile ya simu, kwani mwenye ndoo husubiri ilhali mpiga simu huambiwa njia zimejaa. Erlang alizishughulikia zote mbili. Alifanya kazi katika kampuni ile kwa takriban miaka ishirini hadi alipofariki mwaka 1929, na mwaka 1946 wataalamu wa simu wa kimataifa walikubaliana kipimo cha msongamano kiitwe kwa jina lake. Wanafunzi wa uzamili hukutana naye mapema sana katika masomo yao.

Tuje kwenye lugha na adabu, ambako mwalimu wa Kiswahili anayo hazina asiyoitambua. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha utaratibu wa kuunganisha mitandao ya kompyuta iliyo tofauti, na tangu tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani uliokuwa ukiitwa ARPANET ukahamia katika utaratibu uliozaliwa humo. Kwa utaratibu huo mashine mbili hazianzi kuzungumza ovyo. Hupeana kwanza salamu tatu. Ya kwanza yabisha, ya pili yajibu na kubisha, ya tatu yathibitisha. Mtoto wa Kiswahili ameijua desturi hii kabla hajaanza shule. Mgeni husema, "Hodi!" Mwenyeji hujibu, "Karibu!" Naye mgeni humaliza, "Ahsante." Waulize watoto: hilo neno la tatu lina kazi gani? Wakifikiri vizuri watasema kuwa bila ya hilo mwenyeji hajui kama karibu yake imesikika. Na hodi isipojibiwa? Hurudiwa, na baada ya mara tatu mgeni mwenye adabu huondoka. Mashine nazo hubisha tena na tena kwa idadi iliyowekwa, kisha hukata tamaa. Hatuoni mfano ulio bora kuliko huu katika vitabu vikubwa tulivyobahatika kuvisoma.

Habari ya ujumbe kukatwa vipande na kila kipande kupita njia yake, wazo la Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza katika miaka ya 1960, ni rahisi zaidi. Kata barua vipande kumi, viandike namba, vipitishe madawati tofauti, kimoja kifiche mfukoni. Anayepokea atavipanga na kudai kilichopotea. Hii ni kazi ya robo saa.

Darasa kubwa nalo, ambalo sote twalilalamikia, laweza kuwa chombo cha kufundishia. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuunganisha visiwa vyake kwa redio, na vituo vyote vilitumia masafa mamoja. Kila kituo kilipeleka ujumbe wakati wowote kilipotaka. Jumbe mbili zilipogongana zote ziliharibika, na kila kituo kikasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Njia hiyo ni nyepesi lakini ina hasara: hata hali ikiwa bora kabisa, ni kiasi cha asilimia 18 tu ya muda inayotumika kupitisha ujumbe mzima. Baadaye iligunduliwa kwamba pakiwa na mpigo wa saa, na kila kituo kikaruhusiwa kuanza kwenye mpigo tu, kiasi hicho huongezeka maradufu hadi karibu asilimia 37, kwa kuwa ujumbe hauwezi tena kugongwa katikati na ule ulioanza nyuma yake. Walimu wenzetu wa madarasa ya watoto themanini wamekwisha kulijua hili kwa mateso. Waache watoto wajibu kwa kupiga kelele kila mtu apendavyo, na wahesabu majibu yaliyosikika. Kisha ugonge meza kwa mapigo sawa, ukiwaambia waanze kwenye mgongo tu, na wahesabu tena. Hesabu haitatoka sawasawa na ya Hawaii, lakini tofauti wataiona.

Twaongeza kisa kidogo kwa faida ya wale wanaoogopa mitihani. Robert Metcalfe, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kikuu cha Harvard, alikataliwa tasnifu yake mwaka 1972. Alirudi akachambua upya hesabu za mtandao huo wa Hawaii, akaziongeza katika kazi yake, na mwaka 1973 ikapokelewa. Mwaka huohuo, akiwa kazini katika kituo cha utafiti cha Xerox, alibuni Ethernet, ambayo mpaka leo ndiyo inayounganisha kompyuta za ofisini kwa waya.

Somo la vizibo vya soda ndilo tunalolipenda kuliko yote. Mwambie mtoto apange mezani vizibo 25, mistari mitano ya vitano, baadhi vikitazama juu na vingine chini, kama apendavyo. Wewe uongeze kizibo kimoja mwishoni mwa kila mstari, na kingine mwishoni mwa kila safu, pamoja na kile cha pembeni, "ili kazi iwe ngumu zaidi." Kwa kweli unahakikisha kwamba kila mstari na kila safu ina idadi shufwa ya vizibo vinavyotazama juu. Geuka nyuma. Mtoto ageuze kizibo kimoja. Ukirejea, tafuta mstari wenye idadi witiri na safu yenye idadi witiri. Vinapokutana ndipo palipoguswa. Darasa zima litadhani una uganga. Waache wadhani hivyo kwa dakika tano, kisha uwafunulie, kwa sababu uganga usiofunuliwa si ualimu. Ni kwa fikra za jamii hii kwamba Richard Hamming, aliyekuwa akiudhika na mashine ya hesabu iliyosimama kila ilipogundua kosa, alichapisha mwaka 1950 njia ya kuifanya isahihishe kosa yenyewe. Wanafunzi wa uzamili husoma nadharia ya kusahihisha makosa kwa muhula mzima. Shufwa na witiri twazifundisha shule ya msingi.

Wapo wakufunzi wenzetu, tena tunaowaheshimu, wasiokubaliana nasi. Husema kwamba kazi ya shule ya msingi ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba mtoto asiyejua kusoma aya moja hana haja ya habari za Hawaii. Katika sehemu ya kwanza ya kauli yao twakubaliana kabisa. Mhandisi wa mitandao hutumia muda wake mwingi akisoma maelezo marefu yaliyoandikwa kwa uangalifu na kuandika mengine yasiyoweza kueleweka kwa namna mbili. Vijana walioanzisha ARPANET, wengi wao wakiwa wanafunzi wa digrii za juu, walianza kwa kuandikiana. Hati yao ya kwanza, iliyoandikwa na Steve Crocker mwezi Aprili 1969, iliitwa ombi la maoni, na mfululizo huo haujakoma. Mtoto anayefundishwa kuandika jinsi ya kufika nyumbani kwao ili mgeni asipotee yumo katika njia hiyohiyo. Hivyo hatuombi kipindi kipya wala kitabu kipya. Twaomba mifano ndani ya vipindi vilivyopo.

Hesabu za mwendo, kwa mfano. Kwa nini magari mawili kutoka Morogoro na Dodoma yakutane kila mwaka? Setilaiti ya mawasiliano huwa juu ya ikweta kwa umbali wa karibu kilometa 36,000, na redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka ni kilometa 72,000. Mtoto atapata sekunde 0.24, na jibu la mwenzake likirudi kwa njia hiyohiyo ni 0.48, yaani karibu nusu sekunde. Ndiyo maana watu waliozungumza na nchi za mbali kwa setilaiti walikuwa wakikatizana. Katika nyuzi za kioo mwanga huenda polepole zaidi, kama kilometa 200,000 kwa sekunde, lakini njia ni fupi: kebo ya EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010 na kupita katika bahari yetu kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ina urefu wa kilometa 10,000 hivi. Agawanye, atapata sekunde 0.05. Katika somo la historia mwalimu aweza kusema kwamba kebo ya simu ya maandishi ilifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na kwamba ile ya SEACOM, ya nyuzi za kioo, ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009.

Kuhusu lugha tuna neno la kusisitiza. Mtoto wetu atahamia Kiingereza akifika sekondari, na wengi hupotelea hapo, si kwa kukosa akili bali kwa kukutana na neno geni na wazo geni siku moja. Ikiwa wazo la foleni, la zamu, la njia na la kusahihisha kosa alikwisha kulishika kwa Kiswahili, basi huko atajifunza jina tu. Kwa hiyo mwalimu asione haya kusema mkongo, mnara, masafa na mtandao, na asidhani kuwa ameshusha hadhi ya somo kwa kuacha kulitamka Kizungu.

Mwisho, kwa wale wanaokwenda mazoezini muhula ujao: somo la vizibo huhitaji vizibo 36 kwa kila kundi, na watoto sita hivi kwa kundi wanatosha. Anzeni kuvikusanya sasa kwenye maduka ya jirani na chuo, muvioshe, na mchague vya rangi moja, maana vya rangi mchanganyiko huwafanya watoto watafute siri kwenye rangi. Somo huchukua vipindi viwili. Atakayejaribu foleni ya bomba atuletee daftari za watoto zilivyo, pamoja na makosa yao, ili tuzifanyie kazi pamoja katika somo la mbinu.